Majirani, baridi na maambukizi: mwongozo kamili wa kuendesha mtandao wa msaada mtaani

Mitandao kadhaa ya majirani iliyoanzishwa Marekani majira ya baridi ya 2020 kuingia 2021, wakati wa janga la UVIKO-19, ilivunjika kwa sababu ileile. Mtu alifungua kundi la WhatsApp, watu wakaingia kwa wingi, na kufika wiki ya tatu kundi limejaa video za kujifukiza, salamu za asubuhi na ubishi. Katikati ya hayo, mama aliye karantini na watoto anaandika saa nne usiku kwamba unga umekwisha. Asubuhi ujumbe wake umeshafunikwa na jumbe nyingine sitini, na kila aliyeuona amedhani mwenzake ameshughulikia.

Kundi la gumzo si kosa. Kosa ni kulibebesha kazi tatu: gumzo, habari na maombi ya msaada. Tenganisheni hizo tatu, kila moja iwe na mtu wake, na sehemu kubwa ya matatizo itaondoka.

Mwongozo huu ni kwa wasemaji wa Kiswahili walioko kwenye miji ya baridi ya Marekani, kama Chicago, Des Moines, Minneapolis au Portland ya Maine, pamoja na majirani zao wa lugha nyingine. Sheria na namba za simu zilizotajwa ni za huko. Aliye kwingine abadilishe namba. Hatua ni zilezile.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Namba moja ya simu ya mtaa, isiyo ya mtu binafsi. Simu ya zamani yenye laini ya kulipia kabla inatosha, au namba ya Google Voice (huduma ya simu ya mtandaoni). Iweze kupokea ujumbe wa sauti.
- Daftari gumu moja na kalamu. Mkipenda jedwali la kompyuta, tumieni hilo peke yake. Daftari na jedwali kwa pamoja vitapingana ndani ya siku tatu.
- Ramani ya mtaa iliyochapishwa, na rimu moja ya karatasi.
- Barakoa za N95 au KN95, na vitakasa mikono vyenye alkoholi isiyopungua asilimia 60.
- Vipimajoto viwili vya friji na viwili vya chumbani.
- Vipima oksijeni vya kidoleni viwili au vitatu, na betri za akiba.
- Kengele za kaboni monoksaidi, nyingi kadiri fedha itakavyoruhusu.
- Makoleo matatu ya theluji, chumvi ya barabarani na gunia la mchanga.
- Feni ya mraba ya inchi 20, filta nne za hewa za MERV 13 (daraja la uchujaji) za inchi 20 kwa 20, katoni na utepe mpana wa gundi.

Watu wanaohitajika kuanza ni wanane: wawili wa simu, mmoja wa habari, mmoja wa fedha, wanne wa kubeba na kupeleka. Mabalozi, yaani wawakilishi wa nyumba kumi kumi, wanatoka kwenye nyumba zenyewe.

## Hatua ya 1: Gawanyeni mtaa nyumba kumi kumi

Anzeni na nyumba 60 hadi 100. Msichukue mji mzima. Theluji ikifunga barabara, kila mlango lazima ufikike kwa miguu.

Kila nyumba kumi ziwe na balozi, kwa mtindo tunaoujua Tanzania na Kenya. Kwenye jengo la ghorofa, sakafu moja ni fungu moja. Watu wa kwetu hawahitaji maelezo marefu. Majirani wengine waambieni kwamba huyu ndiye mtu wa kwanza kumpigia.

Balozi ana kazi tatu tu: kufikisha taarifa ya wiki, kujua nani anaishi peke yake au ana mgonjwa, na kumpigia mtu huyo simu. Hashiki fedha wala hagawi chakula kwa uamuzi wake. Akishika, minong'ono ya upendeleo itaanza hata kama ni mwadilifu.

Kila balozi awe na msaidizi, maana naye ataugua. Na msimchague mtu kwa cheo chake kanisani au msikitini. Mchagueni anayepokea simu.

Mmefanikiwa ikiwa mtu akitaja namba ya nyumba yoyote, wa simu anamjua balozi wake bila kufungua daftari.

## Hatua ya 2: Kipeperushi kwenye kila mlango

Msitegemee simu janja. Wazee wengi na wageni waliofika juzi hamtawapata mtandaoni.

Ukurasa mmoja unatosha. Juu kabisa, kwa herufi kubwa: "Unaumwa? Huwezi kutoka? Nyumba haina joto? Piga au acha ujumbe." Kisha namba ya mtaa, saa za kupokelewa, jina la balozi, na mambo mnayoweza kufanya: kununua chakula, kufuata dawa, kuzoa theluji, kutafsiri barua. Andikeni pia kwamba hakuna malipo na kwamba hamuulizi karatasi za uhamiaji. Mstari huo wa mwisho utaleta simu nyingi kuliko mistari mingine yote.

Lugha ziwe za mtaani kwenu. Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili ni mwanzo mzuri; ongezeni Kifaransa, Kinyarwanda au Kisomali kulingana na wakazi. Msitegemee tafsiri ya mashine bila mzawa wa lugha kuisoma kwanza.

Onyo: msiweke karatasi ndani ya sanduku la barua. Sheria ya shirikisho inakataza kutia humo kitu kisicho na stempu. Ningʼinizeni kwenye kitasa cha mlango au pitisheni chini ya mlango.

## Hatua ya 3: Simu ya zamu na kadi ya ombi

Hapa ndipo mitandao inapoangukia, kwa hiyo msipaharakishe.

Simu iwe na mtu mmoja kwa zamu yenye urefu wa saa nne. Zamu mbili kwa siku zinatosha, kwa mfano saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku. Nje ya saa hizo sauti iliyorekodiwa iseme: "Acha jina na namba, tutakupigia kesho saa tatu. Kama ni hatari ya maisha, piga 911 sasa hivi."

Kila ombi linaingia kwenye kadi yake, hata likifika kupitia rafiki, dukani au kanisani. Kadi ina:

1. Namba ya ombi na tarehe.
2. Jina la kuitia, si lazima jina kamili.
3. Anwani, kengele ipi, ghorofa ya ngapi.
4. Anachohitaji, na lini mwisho.
5. Watu wangapi ndani, pamoja na umri wa watoto wachanga.
6. Vyakula wasivyokula, na kama wanahitaji halali.
7. Herufi ya usalama: A, kuonana si tatizo, B, acha mlangoni.
8. Nani amechukua, saa ngapi, na limekamilika lini.

Herufi B haisemi mtu anaumwa nini. Inamwambia mpelekaji asiingie, basi. Mkiandika jina la ugonjwa kwenye kadi, kabla ya jua kuzama mtaa mzima utajua, na familia inayofuata itaficha dalili zake.

Wa simu asiulize kipato, dini, wala uhamiaji. Aulize "Una chakula cha siku ngapi?" badala ya "Una shida gani?" Swali la kwanza lina jibu la namba, na halimdhalilishi mtu. Mzee aliyezoea kujitegemea atajibu la pili kwa "Tunamshukuru Mungu, hatujambo," ilhali jikoni hakuna kitu.

Namba 8 ya kadi ndiyo roho ya kazi. Ombi lisilo na jina la mhusika halijapokelewa. Mwisho wa kila zamu, anayetoka anamsomea anayeingia kadi zote zilizo wazi, kwa sauti, moja moja. Kuachiana picha ya daftari hakutoshi.

Mmefanikiwa ikiwa hakuna kadi inayofika saa 24 bila jina la mhusika.

## Hatua ya 4: Taarifa ya mtaa mara moja kwa wiki

Mtu wa habari anatoa karatasi moja kila wiki, siku ileile, saa ileile. Uhakika wa ratiba unapunguza uvumi: watu wakijua taarifa inakuja Alhamisi jioni, wanasubiri.

Karatasi ina sehemu nne, kwa mpangilio huu:

Kilichobadilika. Kituo cha chanjo kimehamia wapi, basi gani limekatwa, shule imefungwa siku zipi. Kila habari na tarehe, na ilikotoka: idara ya afya ya kaunti, shule yenyewe, kampuni ya gesi. "Nimesikia" haichapishwi.

Cha kufanya wiki hii. Mambo mawili au matatu, yenye anwani na saa.

Tunachohitaji. "Koleo moja. Dereva wa Jumamosi asubuhi. Nepi namba 4."

Masahihisho. Ikiwa wiki iliyopita mlikosea, semeni hapa waziwazi: "Tuliandika Jumanne, ni Jumatano." Sehemu hii iwepo hata ikiwa tupu. Watu huamini karatasi inayokubali kusahihishwa.

Kisha mtu wa habari aisome na kuirekodi kama ujumbe wa sauti usiozidi dakika mbili, kwa Kiswahili kinachoeleweka na wa Bukavu na wa Mombasa. Kwa wasiosoma, sauti hiyo ndiyo gazeti lao. Isambazwe kwenye kundi ambalo msimamizi peke yake ndiye anayetuma. Gumzo libaki kundi lake.

Uvumi msiurudie neno kwa neno ili kuukanusha. Andikeni ukweli wenyewe na aliyeusema. Na kamwe msitaje mgonjwa kwa jina, nyumba wala kazi. "Mfanyakazi wa kiwanda cha nyama anayekaa jengo la kona" ni jina kamili kwa mtu yeyote wa mtaa huo.

## Hatua ya 5: Chakula

Kwa familia ya watu wanne, boksi la wiki moja linalolika ni hili:

- Unga wa mahindi kilo 2.3 (pakiti ya pauni 5)
- Mchele kilo 4.5 (pauni 10)
- Maharage makavu kilo 1
- Mafuta ya kula lita 1
- Vitunguu kilo 1.5, nyanya za kopo 4
- Sukuma wiki mafungu 3; madukani yanauzwa kwa jina la *collard greens*
- Mayai dazeni moja, maziwa galoni moja
- Chumvi, sukari, majani ya chai
- Sabuni na karatasi za chooni

Uzito unakaribia kilo 18. Gawanyeni katoni mbili, vinginevyo mpelekaji atateleza nalo kwenye ngazi zenye barafu. Kabla ya kupanga lolote, pigieni familia. Makopo ya supu ya uyoga yakipelekwa kwa anayetaka fufu na samaki yatarudi kwenu au yataingia jalalani.

Chumba cha kufungashia kisizidi watu wanne, wote na barakoa, madirisha yakiwa wazi kidogo. Kama baridi haivumiliki, tengenezeni sanduku la kuchujia hewa, lile lililobuniwa 2020 na Richard Corsi na Jim Rosenthal. Simamisheni filta nne ziwe kuta za mraba, mishale ya hewa iliyochorwa kwenye filta ikielekea ndani. Kipande cha katoni kiwe sakafu. Feni ilale juu, ikipuliza kwenda darini. Zibeni kila mwanya kwa utepe, hasa pembeni, kwa kuwa hewa inayopita mwanyani haichujwi. Washeni dakika chache kabla ya watu kuingia. Mishale ikitazama nje, mmefunga kinyume.

Kupeleka. Mpelekaji apige simu akiwa chini ya jengo, aweke katoni mlangoni, arudi nyuma mita mbili, asubiri mlango ufunguke. Asiiache na kuondoka. Kwenye nyuzi kumi za Selsiasi chini ya sifuri, mayai na vinywaji vya kopo huganda na kupasuka. Vilevile vipimo vya haraka vya UVIKO-19 vya nyumbani huhifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 30 za Selsiasi. Vikifika vimepoa sana, vikae ndani ya nyumba saa mbili bila kufunguliwa kabla ya kutumika.

Friji ya mtaa. Ikiwa mmeweka friji nje kwa ajili ya kila mpita njia, isomeni kwa kipimajoto kila siku: nyuzi 4 za Selsiasi (40 za Farenhaiti) au chini yake, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Watu hushangaa friza kuyeyuka wakati wa baridi kali. Sababu ni kwamba friji nyingi zina kihisi-joto kimoja, nacho kiko upande wa friji. Hewa ya nje ikiwa baridi, kihisi kinaona kazi imekwisha, kompresa haiwaki, na friza inapanda joto taratibu. Jengeni kibanda chenye kuta, na nyama msiiweke humo miezi ya baridi.

## Hatua ya 6: Kumfuatilia mgonjwa aliye nyumbani

Balozi ampigie mgonjwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na aulize maswali yaleyale: Unapumuaje? Umekunywa nini? Umekojoa leo? Nani yuko nawe? Sikilizeni kama anaweza kumaliza sentensi bila kuhema.

Kipima oksijeni kinasaidia, lakini kina mitego. Mikono baridi hutoa namba ya uongo, kwa hiyo mgonjwa apashe mkono joto, aondoe rangi ya kucha, atulie dakika tano, kisha asubiri namba itulie. Muhimu zaidi kwetu: Februari 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilionya kwamba vifaa hivi vinaweza kukosea kwa watu wenye ngozi nyeusi. Mara nyingi vinaonyesha oksijeni nyingi kuliko iliyopo mwilini. Kwa hiyo namba nzuri isiwatulize ikiwa mtu anahema. Angalieni pia mwelekeo: aliyekuwa asilimia 97 jana na leo ni 93 anashuka, na daktari apigiwe. Akifika 92 au chini, msingojee kesho.

Pigeni 911 mara moja kwa haya: kuhema akiwa amekaa, maumivu ya kifua yasiyoacha, kuchanganyikiwa, kushindwa kuamka, midomo au kucha kugeuka rangi. Kwa ngozi nyeusi tazameni ndani ya midomo, ufizi na viganja. Mgonjwa asiyejua Kiingereza aseme neno "Swahili" kwanza, kisha anwani. Vituo vingi vya dharura vina wakalimani wa simu. Anwani hiyo iandikwe kwa herufi kubwa na kubandikwa ukutani karibu na kitanda, maana mtu akipaniki husahau hata namba ya nyumba yake.

Onyo: wanaojitolea hawatoi dozi wala hawabadilishi dawa za mtu. Wanapiga simu na kubeba vitu.

## Hatua ya 7: Nyumba isiyo na joto

Ombi la joto lina haraka kuliko la chakula.

Kwa mpangaji, anzeni na sheria. Chicago inamtaka mwenye nyumba anayetoa joto aweke nyuzi 68 za Farenhaiti mchana na 66 usiku, kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni. New York, kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Mei, ni 68 mchana nje kukiwa chini ya 55, na 62 usiku. Mpangaji apige picha ya kipimajoto pamoja na saa, mara tatu kwa siku moja, amwandikie mwenye nyumba ujumbe wa maandishi, kisha apige 311, namba ya huduma za mji. Malalamiko ya mdomo hayaachi alama.

Kwa bili ya joto iliyowashinda kulipa, pigeni 211, namba ya kuulizia misaada, na muulize ofisi inayopokea maombi ya LIHEAP, mpango wa shirikisho wa kusaidia gharama za joto. Andaeni kitambulisho, uthibitisho wa mapato na bili yenyewe. Mwenye notisi ya kukatiwa aseme hivyo tangu sentensi ya kwanza, kwa kuwa kuna msaada wa dharura. Iowa, kwa mfano, nyumba iliyokubaliwa kwenye mpango huo haikatiwi gesi wala umeme kati ya 1 Novemba na 1 Aprili. Ombeni mapema, kabla fungu la mwaka halijaisha.

Sasa onyo lililo zito kuliko yote humu: jiko la mkaa halipashi nyumba joto, linaua. Kuota moto wa mkaa ndani ni mazoea kwa wengi wetu, lakini nyumba za huko zimezibwa kila ufa. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Umeme ulipokatika Texas Februari 2021, watu walidhurika kwa gesi hii na wengine wakafa kwa sababu ya mkaa, jenereta na magari yaliyowashwa ndani ya mabanda yake. Jenereta ikae nje, mita 6 kutoka nyumbani, mbali na madirisha. Oveni ya gesi isitumike kupasha chumba. Kichwa kikiuma watu wawili nyumba moja kwa wakati mmoja, tokeni wote nje kwanza, kisha mpige 911.

Hita ya umeme ichomekwe moja kwa moja ukutani, si kwenye waya wa kuongeza, na iwe mita moja mbali na pazia, kitanda na nguo.

## Hatua ya 8: Theluji

Miji mingi inamtoza faini asiyesafisha njia ya miguu mbele ya nyumba yake. Zoeni mapema theluji ikiwa laini. Ikikanyagwa inakuwa barafu. Sukumeni badala ya kuinua. Mwenye moyo mbaya au shinikizo la damu asishike koleo kabisa, apewe kazi ya simu.

Chumvi ya kawaida haifanyi kazi vizuri chini ya nyuzi 9 hasi za Selsiasi. Hapo mwageni mchanga ili watu wasiteleze. Mpangilio wa nyumba: kwanza wenye miadi ya hospitali na wa dayalisisi (kusafishwa damu kwa mashine), kisha wazee, kisha wengine.

## Hatua ya 9: Fedha na kufunga

Mwekeni mtu mmoja wa kushika fedha na mwingine wa kuhakiki, wasiwe ndugu. Risiti zote zipigwe picha. Wekeni kiwango kwa kila nyumba na kitangazwe kwenye taarifa ya wiki, pamoja na jumla iliyoingia na iliyotoka. Majina ya waliopewa hayatangazwi.

Baridi ikiisha, nendeni kwa kila kadi iliyo wazi na muifunge kwa simu. Kipeperushi cha mwisho kitaje siku simu itakapozimwa na namba ya kupiga baada ya hapo, yaani 211. Hesabu za fedha zihifadhiwe pamoja na risiti. Kadi zenye anwani na mahitaji ya watu zichanwe vipande, na jedwali lifutwe hadi kwenye simu za wa zamu.